Hatua Mia Tisa za Mama Kiwanja

Walimwita Mama Kiwanja, na usidhani ana mtoto wa jina hilo. Kiwanja ni uwanja wa ndege wa nyasi, porini kabisa, hauna mnara wala geti. Wanaotua pale ni watu wanaoruka kwa raha zao tu: daktari wa meno, mwalimu mstaafu, fundi saa mwenye maneno mengi, na wenzao wenye vindege vya viti viwili. Mama Kiwanja kazi yake kufyeka, kufukuza ng'ombe, kufukia mashimo, na kila asubuhi kuukagua uwanja kwa miguu, akipita kandokando na kuhesabu. Hatua mia tisa kwenda, mia tisa kurudi, miaka kumi na tisa. Ndege yenyewe hajawahi kupanda. "Nikiwa huko juu, nani atawapungia mkono?" huwauliza.

Basi ofisi ya viwanja ikatangaza kwamba kiwanja kisichofika mita mia sita kitafungwa. Mama Kiwanja wala hakushtuka. Mita mia sita ndizo hatua zake mia tisa, na hatua si zilikuwa zinatimia?

Mkaguzi akaja na utepe, akapima, akarudia. "Mama, zimepungua mita arobaini na mbili."

"Pima vizuri, mwanangu. Leo hii nimehesabu mia tisa."

Mkaguzi hakubishana. Alimwomba atembee, yeye akamfuata na utepe. Loo, ndipo mambo yakajulikana. Kichaka cha mwisho wa uwanja kilikuwa kikisogea mwaka hadi mwaka, na Mama Kiwanja naye, kwa maumivu ya magoti, hatua zikifupika mwaka hadi mwaka. Hesabu ikabaki ileile. Alikaa chini palepale. Aliona aibu, aibu ya kweli, maana uwanja ulikuwa unamfia mikononi huku akiuhesabu.

"Nakupa wiki mbili," mkaguzi alisema akiangalia pembeni. "Nikikuta bado, nafunga."

Mama Kiwanja alimpigia simu daktari wa meno, akamweleza yote bila kujitetea.

"Mama, hata sisi tuliuona mfupi," daktari akasema. "Tukadhani tumezeeka."

Jumamosi marubani kumi na mmoja walifika na mapanga ambayo bado yana karatasi za dukani. Saa nne tu, viganja malengelenge matupu. Fundi saa alikigonga kisiki kimoja mpaka Mama Kiwanja akashindwa kuvumilia: "Baba, hicho kisiki unakikata au unakibishia hodi?" Jumamosi ya pili wakarudi, na siku za katikati alifyeka peke yake, magoti yakipiga kelele.

Mkaguzi aliporudi akapima: mita mia sita na nne. Akatia sahihi juu ya boneti ya gari lake.

"Leo unapanda," daktari alimwambia. "Kupunga mkono atapunga mkaguzi."

"Ngoja kwanza nikague." Akatembea uwanja wote. Hatua mia tisa sabini na nne.

Huko juu alishika kiti kwa mikono miwili, kisha akathubutu kuchungulia. Pembeni ya uwanja aliona mstari mwembamba, mweupe, umenyooka.

"Hiyo njia ya nani? Ng'ombe?"

"Ng'ombe gani anatembea hivyo? Ni yako, mama."

Mama Kiwanja alilia, wala hakujificha. Alipojifuta macho akaona njia ile imekatika kabla ya mwisho. Pale walipofyeka, udongo ulikuwa bado mpya, haujakanyagwa vya kutosha kuwa njia.

"Nishushe, mwanangu," alisema. "Kuna kipande nimebakiza."