Folda Isiyofunguka na Nyimbo za Bibi Oktavia

Dorkasi Sanga alizaliwa Ipelele, Makete, kwenye mashamba ya viazi, na hakuwahi kupanga kuwa mtu wa kompyuta. Alikwenda Makambako kumuuguza dada yake, akabaki. Siku hizi anafanya kazi katika studio ndogo ya kurekodi kwaya, karibu na njia panda ya kwenda Songea. Mwenye studio ni Agustino Mgaya, mtu mchangamfu asiyependa kusubiri. Kompyuta yao inatumia Linux, tangu virusi viwaharibie kazi kwenye mashine ya zamani.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ikiuma, diski ya kompyuta ilianza kugonga. Dorkasi aliusikia mlio ule akajua haina maisha marefu. Akachomeka diski ya nje, akaanzisha bakapu, nakala ya akiba ya mafaili yote. Haikwenda mbali. Ndani ya folda kuu ya Agustino, yenye jina lake, kulikuwa na folda moja iliyofichwa, na kila programu ilipotaka kuisoma ilijibiwa kuwa haina ruhusa, ikasimama. Dorkasi akaingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka juu ya mashine nzima. Akakataliwa vilevile.

Akatoka kwenda kuazima diski nyingine ya nje, iwapo tatizo lilikuwa kwenye ile ya kwanza. Aliporudi, Agustino alikuwa ameshika kikombe cha chai, anatabasamu.

"Nimekumalizia kazi, dada. Nimeiambia iruke ile inayokataa. Ona, imeandika imekamilika."

Dorkasi akatazama ukubwa wa nakala. Ilikuwa ndogo mno.

"Kaka Agustino, umeruka folda gani?"

"Ile yenye jina langu."

"Yote?"

"Si ndiyo yenye tatizo?"

"Nyimbo zote zimo humo."

Agustino akaweka kikombe chini.

Miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwamo za Bibi Oktavia, alizoimba kwa Kibena kabla ya Kwaresima, zile za wanawake wakipalilia na kutwanga ulezi. Bibi alifariki Mei. Mwanawe, mzee Hilari, alikuwa njiani kutoka Njombe kuzichukua kwa ajili ya misa ya arobaini.

Dorkasi hakutaka kubahatisha tena. Akaiuliza mashine folda ile inakaa wapi, akakuta haiko kwenye diski kabisa. Mfumo huiunda Agustino anapoingia, iwe njia ya programu zake kufikia mafaili ya mbali, na haimfungukii mtu mwingine yeyote, hata root. Hakukuwa na kitu cha kuhifadhi humo. Akaandika anwani yake kamili kwenye sehemu ya vitu vya kurukwa, hiyo peke yake, akaanza upya.

Safari hii mafaili yalipita. Mzee Hilari aliingia kazi ikiendelea, akapewa kiti. Diski iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Nyimbo mbili, mmoja wa kwaya na mmoja wa Bibi Oktavia, hazikusomeka kila alipojaribu, na Dorkasi akaziruka nazo, shingo upande. Mafaili mengine yote yalipona. Alipojaribu kuiwasha mashine baadaye, haikuwaka.

Akamweleza mzee bila kuzunguka, akafungua nakala kwenye kompyuta ya kuazima, kisha akamvisha vipokea sauti vya masikioni. Hilari alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho wa wimbo mmoja, Bibi Oktavia alikuwa akilalamika kuwa maji aliyopewa ni ya baridi, na watu wakicheka.

"Huyu ni mama," Hilari akasema. Baadaye akauliza, "Na ule wa kutwanga?"

"Huo umekwenda, baba. Nisamehe."

Mzee akavua vipokea sauti. "Shangazi Stella anaujua. Nitamleta."

Alimleta kweli, baada ya misa. Shangazi Stella aliuimba kwa sauti nzito kuliko ya marehemu, akasahau ubeti, akaukumbuka katikati ya mwingine. Wakaurekodi hivyohivyo, kompyuta ikiwa imeshawekewa diski mpya. Agustino ndiye aliyeanzisha bakapu siku ile, na kabla ya kuondoka akaufungua wimbo kutoka kwenye nakala, wakausikiliza wote mpaka mwisho.