Harufu ya Petroli kwenye Barabara ya Mofu

Jumapili nilipigiwa simu kutoka kijiji cha Mofu nikaambiwa kwamba yule mama dereva amefariki. Presha ilimpanda ghafla, akaanguka jikoni, na majirani wakahangaika kutafuta gari la kumfikisha hospitali mjini Ifakara. Gari lililokuwapo kijijini lilikuwa lake, limesimama uani na ufunguo ukining'inia ukutani, lakini aliyeweza kuliendesha kwenye tope la mvua hizi ni yeye mwenyewe. Walipopata trekta la mtu aliyekuwa shambani, alikuwa ameshakata roho. Nimejaribu kuandika habari nyingine wiki hii nimeshindwa. Wasomaji wangu mnisamehe, leo nitamzungumzia yeye tu.

Alikuwa Mndamba, kabila la wenyeji wa huko, mjane, mnene kiasi, mwenye sauti ya kukwaruza. Mumewe alimwachia shamba la mpunga na gari dogo la milango mitano, akajifunza kuliendesha ukubwani huku watu wakimcheka. Nilimfahamu kwa sababu nina kipande cha shamba huko, na mara nyingi nilirudi mjini kwa gari lake, nimebanwa kati ya magunia na mgonjwa. Wagonjwa hasa ndio waliokuwa abiria wake: mtoto mwenye degedege, mzee aliyezibwa mkojo, mwanamke mwenye uchungu. Kijiji kizima kilikuwa kimemzoea, na usafiri wake tuliuona kama kitu kitakachokuwapo siku zote.

Mwanzoni mwa masika iliyopita gari likaanza kunuka petroli. Taa ya injini ikawaka, na jua likipanda harufu ilizidi hadi abiria wakatapika. Alikagua chini ya gari hakuona hata tone. Akaenda gereji mjini, fundi akabadilisha mfuniko wa tangi, akamwambia aende kwa amani. Alipofika Namawala, njiani kurudi kijijini, harufu ikarudi. Aliniambia baadaye kwamba alisimama kando ya barabara, akazima injini na kukaa nje, akihofia cheche moja tu. Alipofika nyumbani akatangaza kuwa habebi mtu mpaka tatizo lipatikane.

Kesho yake mchana akaja mfugaji mmoja wa Kisukuma anayeishi pembezoni mwa kijiji. Mkewe alikuwa kwenye uchungu tangu alfajiri, na mkunga wa zahanati alikuwa amesema apelekwe hospitali mara moja. Yule bwana alipiga magoti.

"Mama, nakuomba. Twende hivyo hivyo."

"Baba, gari linanuka petroli. Likishika moto hatutoki humo."

"Bora tuungue njiani kuliko afie hapa nikimwangalia."

"Siwezi kumchoma mkeo na mwanao. Siwezi, baba."

Wakamweka mkewe kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mumewe. Alijifungulia kando ya barabara kwenye majaruba ya mpunga. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Habari zilipofika kijijini, wapo waliosema kwamba mama dereva alikataa kwa sababu wale ni Wasukuma, na angekuwa Mndamba mwenzake angembeba. Siku iliyofuata aliendesha hadi Ifakara peke yake, vioo vyote wazi, akaja kwangu. "Nisindikize," alisema, "maana leo nikiambiwa tena ni mfuniko nitapiga mtu." Tulikwenda kwa fundi mwingine, karibu na njia ya Katindiuka. Huyo alisikiliza kwanza, akauliza kama harufu huzidi tangi likijaa na jua likiwa kali. Alipojibiwa ndiyo, alisema kinachotoka si petroli yenyewe bali mvuke wake, ndiyo maana hakuna tone. Akaacha gari lipoe, akachomoa mpira mwembamba unaopeleka mvuke mbele kwenye injini, akaunganisha kifaa kinachopuliza moshi taratibu. Tukainama kutazama. Tulisubiri kwa muda, kisha uzi mweupe wa moshi ukapanda kutoka juu ya tangi, mahali ambapo jicho halifiki.

Walipolishusha tangi tuliona mpira umetafunwa, alama za meno zikiwa bado mpya. "Panya," fundi akasema. "Gari unaliegesha wapi, mama?"

"Kando ya ghala la mpunga."

"Basi ndio hao."

Mama alikaa juu ya tairi bovu akakishika kile kipande cha mpira, kifupi kama kidole. "Panya?" aliuliza, kama vile angeweza kujibiwa jambo jingine. "Mtoto wa watu amekufa kwa ajili ya hiki?" Kisha alilia kwa sauti, mafundi wote wakaacha kazi. Mpira mpya wa kuhimili petroli ulifungwa, moshi ukapulizwa tena, haukutoka popote. Kazi yote iliisha kabla ya chakula cha mchana.

Jioni ile alipitia kwa wafiwa. Yule bwana alimpokea, akamwekea kigoda. Mkewe aligeukia ukutani na hakuitikia salamu. Tangu hapo nadhani mama dereva hakulala vizuri. Aliendelea kubeba wagonjwa, hata wa familia zilizomsema, lakini ule utani wake wa njiani uliisha, na presha ikaanza.

Nimejiuliza wiki nzima kama alikosea kukataa. Kila nikifika mwisho naona angekosea vyovyote, maana palikuwa na gari bovu, mwanamke mwenye uchungu na barabara ya tope, na uamuzi akaachiwa mtu mmoja. Sisi wengine, wa kijijini na wa mjini, tulikuwa na midomo tu. Hatukudai gari la wagonjwa, hatukuchangishana, hatukumtuma hata kijana mmoja akajifunze udereva kwake. Tulimtwika mjane mmoja wajibu wetu wote, na siku uliposhindikana tukamhukumu peke yake. Leo Mofu kuna mwanamke mwingine anayekaribia kujifungua, na mvua zinaendelea kunyesha.