Papa Ameshiba, Fisi Ametumwa

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakafurika Bariadi, mmoja wao alileta jenereta na televisheni akafungua kibanda cha video karibu na soko. Jumapili moja baada ya misa tulionyeshwa papa. Wengi wetu bahari hatukuwahi kuiona. Mzungu alikuwa akiogelea chini ya maji, papa akaja, akamzunguka, akamsukuma kidogo kwa pua, akaenda zake.

Kibanda kizima kikaanza kuchambua. Ameshiba huyo, alisema mmoja. Mwingine akasema anamnusa tu, hajui kama ni chakula. Mzee mfugaji, jirani yetu aliyehamia kutoka Bukundi, alishikilia kwamba papa anatafuta chumvi ya jasho, maana ng'ombe naye hulamba mkono wa mtu. "Kwani bahari haina chumvi?" akaulizwa, tukacheka. Hata mimi nilichangia: labda yale mapovu yanamtisha.

Ndipo hasira ikanipanda. Wiki hiyohiyo wanaume haohao walikuwa wamemjadili senge wangu, dada yake baba, mjane aliyeishi peke yake. Alfajiri moja fisi alimfuata mpaka kisimani, asimguse. Basi wakasema fisi ni wake, anamfuga, na macho mekundu ya senge ndiyo ushahidi. Macho mekundu! Kuni zimekwisha, mama wa watu amepikia mavi makavu ya ng'ombe miaka yote, moshi unamwingia. Wake zao wana macho ya rangi gani? Na kwetu neno mchawi likishatamkwa, panga haliko mbali. Wanawake wameuawa kwa hilo.

Nikasimama mbele ya televisheni. "Na fisi je? Yeye hashibi?"

Kisha yule mzee akanijibu kwa upole kabisa, na upole wake ndio unaonichoma mpaka leo.

"Papa hatumjui, mwanangu. Fisi tunamjua."

"Kaa chini bwana, unatuziba," mwenye video akafoka.

Siku chache baadaye tulimhamishia senge Maswa, kwa binti yake. Aliacha nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake. Yule mzee alitoa mkokoteni wake bila kuombwa, akapakia vyungu taratibu visivunjike. Senge akamshukuru, akamnyooshea mkono wa kuaga.

Mzee akajifanya anakaza kamba.