Lenzi ya Mwalimu Shenaz

Muheza nzima ilijua kwamba Mwalimu Shenaz ana maringo. Alipita sokoni mbele ya watu wazima bila hata shikamoo. Hakuna aliyejua kwamba kwake kila uso ulikuwa ukungu, na kila herufi ubaoni ilikuwa na vivuli vyake.

Tangu utotoni macho yalimwasha, naye akayafikicha mno. Alibadilisha miwani mara kadhaa, wapi! Mwaka themanini na sita daktari mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyemweleza: "Kioo cha mbele cha jicho kimekonda, kimechongoka kama ncha ya yai. Utahitaji lenzi ngumu za kuvaa ndani ya macho."

Wakati ule hata sabuni ndiyo kwanza ilikuwa ikirudi madukani. Mama yake, Rehmatbai, akamwagizia lenzi kwa ndugu zao Uingereza. Siku ya kwanza kuzivaa zilimchoma, akabubujikwa machozi. Lakini nje ya dirisha aliona majani ya mchungwa, moja moja, akashindwa kuondoka pale.

Wiki hiyo hiyo vumbi la sokoni likamwingia macho yote mawili, lenzi moja ikadondoka. Akapiga magoti, akawa anapapasa.

"Umepoteza nini, mwalimu?" aliuliza Bi Saleha, muuza machungwa.

"Kilenzi cha jicho langu. Bila hicho sioni vizuri, mama. Hata wewe sikutambui."

"Kumbe siku zote zile ulikuwa hutuoni?"

"Nilikuwa siwaoni."

"Na sisi tulivyokusema!" Bi Saleha akageukia wenzake. "Jamani, simameni hapo hapo! Asikanyage mtu!"

Wachuuzi wakainama, khanga zikiburuzika vumbini. Rafaeli, mpakia magunia, ndiye aliyeiona, imenata kwenye ganda la chungwa. Shenaz alicheka na kulia kwa pamoja.

Tangu hapo, wakimwona anafinya macho kwa kuwa hajavaa lenzi, humtangulia: "Ni mimi Saleha, mwalimu." Naye huitikia, "Shikamoo, Bi Saleha."

Miaka ikapita, akaolewa, akapata binti, Nazlin. Alipomwona naye anafikicha macho, hakungoja. Tiba mpya ilikuwa imeshatoka: alimpeleka India, wakamtia matone ya vitamini machoni na kuyamulika kwa mwanga maalumu, ili kioo kikaze kisizidi kuchongoka. Nazlin aliumwa siku chache tu. Kila alipopimwa baadaye, macho yalikuwa yamebaki pale pale. Leo anavaa miwani nyepesi, na anaendesha gari mwenyewe kutoka Muheza hadi Tanga.