Mashemeji Ubaoni kwa Mjomba

Mjomba wangu, kaka wa pekee wa mama, alipiga gitaa la solo katika bendi moja ya dansi tangu akiwa na nywele nyeusi hadi zilipobaki nyeupe zisizotosha kuchanwa. Nikimkumbuka leo, simwoni usoni kwanza. Namwona kuanzia chini: viatu vya ngozi vya kahawia vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa, suruali yenye mkunjo wa pasi, na mbele ya viatu hivyo, ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la jikoni, na bawaba moja ilikuwa bado imeng'ang'ania ukingoni. Juu yake zilikaa pedali zake, yaani visanduku vya chuma ambavyo mpigaji hukanyaga ili kubadili sauti ya gitaa. Kimoja kilileta mwangwi, kimoja kiliikwaruza sauti, kingine kiliitetemesha. Sauti hupita kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa waya mfupi wenye jeki, yaani kichwa cha chuma cha kuchomeka, kila upande. Wauza vyombo wana jina lao la waya huo. Mjomba aliuita shemeji.

"Kazi yake ni kuunganisha nyumba mbili," alinieleza nilipokuwa mdogo. "Akinuna yeye, nyumba zote mbili hazisemeshani."

Bendi nzima ililipokea jina hilo, nalo lilileta msiba mmoja ambao familia yetu haijaacha kuusimulia. Mjomba alichelewa kurudi kutoka mazoezini, akampigia mkewe simu kutoka katikati ya kelele za ngoma: "Usinisubiri kula. Shemeji amekufa, natafuta wa kuweka mahali pake." Simu ikakatika. Mke wa mjomba alikuwa na kaka mmoja tu, fundi cherehani. Akaangua kilio. Majirani wakaja, viti vikaazimwa, maji yakabandikwa jikoni. Habari ilimfikia fundi cherehani kazini kwake, naye akafunga duka akaja mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Poleni sana," alisema mlangoni. "Nani ametutoka?"

"Wewe," alijibu jirani mmoja, kisha akaanguka na kiti chake.

Mjomba aliporudi na gitaa mgongoni aliwakuta watu wamejaa sebuleni, na mkewe amesimama katikati, mikono kiunoni. "Huyo shemeji yako wa waya," alimwambia, "siku nyingine akifa, mzikeni hukohuko."

Mwaka niliomaliza chuo cha ufundi, fani ya elektroniki, gitaa la mjomba lilianza kukatika jukwaani. Lilikuwa likilia vizuri, kisha, katikati ya wimbo, kimya. Waimbaji waligeuka kumtazama. Aliinama, akashika huku na kule, sauti ikarudi baada ya wachezaji kuwa wamekwisha kusimama. Jambo hilo lilipojirudia, kiongozi wa bendi, ambaye wote walimwita Kapteni, alifika nyumbani kwa mjomba mchana. Nilikuwapo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeleta habari asiyotaka kuimiliki.

"Kaka mkubwa," alisema, "gitaa likikatika tena Jumamosi, sehemu zako atazipiga mpiga kinanda. Wenye ukumbi wamelalamika. Mimi ni mjumbe tu."

"Kinanda kinaweza kulia kama gitaa?"

"Kinaweza kufananisha."

"Hata nyani anafanana na babu yako, Kapteni, lakini humwamkii."

Kapteni alicheka, ila hakuliondoa neno lake. Alipokwenda, mjomba aliutazama ubao. Kisha akaniambia bila kunigeukia, "Binti, wewe umesomea nyaya. Hebu watazame mashemeji wangu."

Niliuweka ubao juu ya meza ya kulia, nikawatoa wote, nikawapanga kwa urefu. Hapakuwa na wawili waliofanana. Mmoja alikatwa kwenye redio ya zamani, mwingine alikuwa mrefu hata akajizungusha kama nyoka aliyelala, na mwekundu mmoja alipauka hadi kukaribia waridi.

"Huyo usimtupe," mjomba alisema. "Nilimnunua nikiwa na marehemu mpiga ngoma wetu, siku moja, duka moja. Yeye alichukua vijiti, mimi nikachukua huyo."

Nilimpima kila mmoja kwa mita ya umeme, nikimpinda na kumtikisa. Nilitarajia kukuta waya umekatika ndani. Karibu wote walikuwa wazima. Jambo nililoliona lilikuwa jingine: jeki zao zilikuwa za umbo refu, zilizochomoza pembeni mwa pedali, na vichwa vya baadhi yake vilikuwa vimepinda. Juu ya vile vilivyopinda palikuwa na rangi ya viatu, ya kahawia.

Niliurudisha ubao sakafuni kama ulivyokuwa, nikamwomba avae viatu vyake vya jukwaani apige wimbo wowote. Alipiga huku akitazama mbele, kama mwanamuziki anavyotazama watu wake. Mguu wa kulia ulipoitafuta pedali ya mwangwi, uliipapasa, ukaikosa, ukatua juu ya jeki. Gitaa likanyamaza. Alipoinama, aliuweka uso karibu sana na ubao kabla mkono haujaenda mahali pake.

"Taa za siku hizi kali," alisema, ingawa tulikuwa sebuleni, dirisha wazi.

"Ndiyo, mjomba," nilisema.

Siku zilizofuata nilizitumia mezani hapo, huku mke wa mjomba akipita na sahani mkononi. "Meza yangu imekuwa gereji," alilalamika. "Tutakula kwenye kabati, kwa kuwa mlango wake ndio huo." Nilichagua jeki bapa zenye kona, zinazolala ubavuni mwa pedali bila kutokeza. Nilizitenganisha pedali ili kiatu kizima kipate nafasi katikati. Mpangilio wake, ipi itangulie na ipi ifuate, sikuugusa, kwa kuwa sauti yake ilitoka humo. Nilitoboa matundu nikapitisha nyaya chini ya ubao, kila mmoja nikiukata kwa kipimo chake: waya ukikazwa mno huivuta jeki, ukilegea mno huenda kutafuta kiatu. Ule mwekundu niliubadilisha vichwa tu, nikauweka wa kwanza, mahali ambapo gitaa huingia. Mwisho, chini ya pedali ya mwangwi niligongomea kipande cha mbao, ikainuka juu ya wenzake, ili mguu uitambue kwa kupanda.

Mjomba alikipapasa kile kipande kwa kidole. Hakuuliza ni cha nini.

Jumamosi nilikaa ukumbini, kando ya ukuta, pamoja na mke wa mjomba. Mpiga kinanda alikuwa amekwisha kuambiwa ajiweke tayari, na alizikariri sehemu za gitaa. Vidole vyake vilikaa juu ya kinanda bila kubonyeza. Wimbo wa kwanza ulipofika pale ambapo gitaa hubaki peke yake, mke wa mjomba alinishika mkono. Niliutazama mguu tu. Uliteleza polepole, ukagusa mbao, ukapanda, ukabonyeza. Mwangwi ukajaa ukumbini, na wachezaji hawakusimama. Gitaa halikukatika katika wimbo huo, wala wa mwisho. Mpiga kinanda aliviweka vidole vyake mapajani, akaanza kutikisa kichwa kwa raha.

Tulipokuwa tukirudi, mjomba alinibebesha gitaa, ubao akaushika mwenyewe.

"Binti, ubao huu umempangia mtu asiyeiona miguu yake."

"Nimekupangia wewe, mjomba."

Aliuhamishia ubao kwapani. "Mama yako asijue. Ataanza kunishika mkono barabarani kama mtoto."

Nilimpeleka kwa daktari wa macho, naye akapata miwani aliyoivaa kila mahali isipokuwa jukwaani. Aliendelea kupiga kwa miaka mingine, mguu ukisoma ubao kama kidole kinavyosoma shanga za tasbihi. Alipochoka, alisema mwenyewe. Alimngoja Kapteni mwishoni mwa mazoezi, akamwambia huku akizipangusa nyuzi kwa leso kwamba sasa angependa Jumamosi akae upande wa wachezaji, karibu na mkewe.

Kapteni alishusha pumzi. "Basi utuambie, kaka mkubwa. Nani akae mahali pako?"

Mjomba alisema si jambo la kujibiwa kwa haraka. Alitafakari wiki nzima, na bendi, ambayo zamani ilimwandaa mpiga kinanda bila kumwuliza, ikamsubiri.