Kabati Jekundu la Jikoni kwa Mama

Sisi tuliokulia Kindu kabla ya reli kufika, rangi hatukuinunua. Tuliifuata kwa miguu. Nyeupe ilikuwa udongo wa kingo za mto Lualaba. Tuliichimba kwa vijiti huku tukipakana usoni mpaka mama zetu wasitutambue. Nyekundu ilitoka msituni, kwenye mti wa ngula, na tulipoutwanga viganja vyetu vilibaki vyekundu wiki nzima. Watoto wa siku hizi wakiguswa na tope wanalia waogeshwe. Sisi tulilia tukiogeshwa.

Mwaka ule dada yangu Zaina alipoposwa, Baba alimwomba Fundi Mabruki, seremala wa jirani, amtengenezee Mama kabati la jikoni. Mtaani kwetu vyombo vilikaa chini au vilining'inia ukutani, kwa hiyo hilo lilikuwa jambo kubwa. Fundi alipasua mtumbwi wa zamani akaunda kabati lenye milango miwili. Lilikuwa imara, ila lilinuka samaki na lilikuwa na madoa. Mama akasema lazima lipakwe rangi kabla ya harusi, maana wanawake wa upande wa bwana harusi wangeingia jikoni, na huko ndiko wangempima.

Bibi, mama yake Baba, alizaliwa pwani na hakuacha kutukumbusha. Alitaka kabati liwe la buluu ya nili, kama milango ya kwao. Mama, mzaliwa wa hapahapa Maniema, alitaka nyekundu ya ngula. Alhamisi moja Bibi alipokwenda kuwatembelea jamaa, Mama alichanganya unga wa ngula na mawese, akapaka juu ya mbao moja kwa moja. Liling'aa, nasi tukalizunguka tukilisifu.

Kesho yake Baba aliingia jikoni kunywa maji, akaliegemea. Alikwenda kuswali Ijumaa na mistari miwili myekundu mgongoni mwa kanzu nyeupe, na kwa jinsi alivyoheshimiwa hakuna aliyethubutu kumwambia mpaka watu walipotoka msikitini.

Bibi aliporudi aliitazama kanzu kwenye kamba, akasema taratibu, "Mkwe wangu, basi na wageni wa Zaina watatoka jikoni kwako wamechorwa."

Mama aliianua kanzu, akaenda kuifua tena. Siku tatu hawakusemeshana, na mimi ndiye niliyebeba maneno. "Ambia bibi yako sombe iko tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Ile sombe ya Bibi, mboga ya majani ya muhogo, niliila mimi juu ya yangu, kwa hiyo sikuwa na haraka ya kuwapatanisha.

Siku ya nne nilimkuta Mama amekaa mbele ya kabati, ncha ya kidole chake nyekundu, machozi yanamtoka bila sauti. "Haikauke, mutoto wangu," alisema. "Harusi iko karibu, na bado haikauke."

Hamu yote ya sombe ikanitoka moyoni. Nilikimbia kumwita Fundi bila kutumwa. Alikuja, akanusa mlango, akasema, "Umepaka mafuta juu ya mbao tupu, itakauka lini? Toa yote. Kwanza mbao inywe kitu cha kushika, njo uweke rangi." Kwetu "njo" ni "ndipo" na "ndiye" za pwani.

Tulikwangua siku mbili kwa majani ya msasa, makali kama ulimi wa paka. Kisha Mama alipaka mistari nyuma ya mlango ili ajue rangi ipi ya chini ingeshika. Wa kwanza ulikuwa chokaa ya makombe ya konokono, wa pili utomvu wa mti. Akakwama hapo. Ndipo Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akamsemesha mwenyewe: "Jaribu udongo mweupe na ute wa yai."

Mama aliinuka, akampisha kigoda, na Bibi akapaka mstari wa tatu.

Tulichemsha chungu cha maji karibu, mvuke ukapiga mistari yote mitatu. Chokaa ilibanduka. Utomvu ulinasa inzi. Udongo wa Bibi haukutikisika, hata Mama alipoumwagia mawese na kuufuta. Wakapaka huo mara mbili, wakasugua kwa msasa, kisha wakapaka ngula iliyokorogwa na kiini cha yai, bila tone la mafuta. Mwishoni Bibi alizungusha mstari mwembamba wa nili kwenye kila mlango. Mama alimshikia kibakuli.

Siku ya harusi mama wa bwana harusi aliingia jikoni, maana habari ya kanzu ilikuwa imemfikia. Alipitisha kidole mlangoni polepole, akakitazama. Kilikuwa kisafi.

"Nani alipaka hii?" aliuliza.

"Mkwe wangu njo alipaka," alisema Bibi, yeye aliyeicheka "njo" yetu miaka yote. Mama aliinama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Siku hizi rangi inashuka kwenye treni ndani ya mikebe, ya chini na ya juu, unachagua kwa kunyoosha kidole. Juzi mjukuu wangu alipaka kabati lake la jikoni peke yake, likakauka kabla sijamaliza chai, na mikono yake haikuwa na hata doa. Nilimwambia limependeza, na kweli limependeza. Ila nilikaa pale mchana kutwa, na hakupita mtu hata mmoja kumwambia amekosea.