Nani Aliyeiwasha

Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, mwaka wa 1991, nilimpoteza ndugu yangu Mbwana. Alinizidi miaka sita, na gereji yetu pale Likoni watu waliijua kwa jina lake, si langu. Haya nitakayokusimulia yalitokea. Sikuyaota wala sikuyasikia kwa mtu. Kama ningetaka kutunga, ningetunga kisa kinachonisafisha. Hiki hakinisafishi.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba ya marehemu baba, kwenye njia ya kwendea Shelly Beach. Nyuma kulikuwa na ukuta wa mawe, mbele kivuli cha mabati. Mwaka ule mzee mmoja mstaafu alituletea gari lake, moja katika yale makubwa ya kifahari ambayo watu huyaita Renji. Lilikuwa zee, rangi imefifia, lakini viti vyake vya ngozi vilikuwa bado vinanukia. Injini yake ya petroli ilikuwa imekufa kabisa. Mzee alitaka tuitoe, tumtilie ya dizeli, gari lipate kutembea tena. Mbwana alifurahi sana. Aliniambia Renji hili likitoka hapa linanguruma, hakuna atakayetuita tena mafundi wa mikokoteni.

Tulikwenda Changamwe kwa mzee Charo, Mgiriama aliyekuwa akiuza vyuma vya magari yaliyokufa, uwanja wake ukitazama upande wa Kipevu. Pale tuliona pikapu iliyong'olewa milango, na ndani yake injini safi ya dizeli. Charo alikuwa mtu wa maskhara. Alipoambiwa injini inakwenda kutiwa kwenye Renji, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema injini hii imezoea kubeba mkaa na mbuzi, ikijikuta nyuma yake kuna viti vya ngozi itadhani imefariki na iko peponi. Mbwana akamwambia hata yeye Charo akioga siku moja tu, watu watamuuliza harusi ni lini.

Kisha kakangu akauliza swali ambalo hakuliacha kila aliponunua chuma kikuukuu: mwenyewe yuko wapi?

"Hayupo," akasema Charo.

Basi. Tulidhani amehama, au amekwenda bara. Tukailipia injini, tukaipakia kwenye mkokoteni, tukavuka nayo feri.

Injini ya dizeli na giaboksi ya Renji hazijuani. Matundu ya bolti hayalingani, lazima kati yake pakae bamba la chuma lililokatwa kwa kipimo. Mbwana alichora kipimo chake kwenye karatasi ya boksi, siku mbili nzima, akifuta na kuchora tena, kisha akampelekea fundi wa kukereza vyuma. Bamba liliporudi liliingia kama kidole kwenye pete. Tukaishusha injini kwa mnyororo, tukaifunga.

Jumanne alasiri tukaijaribu. Mbwana aliinama mbele akitoa hewa kwenye paipu za dizeli, mimi nikakaa kwenye usukani. Aliponipungia mkono nikazungusha ufunguo. Mara ya kwanza haikuwaka, mara ya pili haikuwaka, ya tatu ikawaka. Liweke akilini hilo: aliyeshika ufunguo ni mimi. Tuliiacha ingurume kidogo tu kwa kuwa rejeta ya kuipoza haikuwa imefungwa, kisha nikaizima. Jioni ile nikang'oa betri, nikaipeleka kwa jirani kutiwa moto wa umeme. Ufunguo nikautia mfukoni.

Jumatano, saa sita mchana, alikuja mtu.

Jua lilikuwa la utosi. Mbwana alikuwa amelala chali chini ya Renji, anakaza bolti, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mimi nilikuwa nikiosha spana kwa mafuta ya taa. Nikainua uso, nikamwona amesimama karibu na boneti iliyokuwa wazi. Sikumsikia akiingia. Alikuwa mtu wa makamo, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni katika joto lile, na mkono mmoja ameukumbatia kifuani, kama mtu aliyebeba kitu ambacho akikiachia kitaanguka.

Nikamwambia, "Assalamu alaykum." Hakuitikia. Nikasema labda si Mwislamu, nikamwambia, "Hujambo, bwana." Hakuitikia pia. Niambie, katika mji huu ni nani anayesalimiwa mara mbili akanyamaza? Alinyosha ule mkono mwingine, akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha pale kama mtu anayempapasa mtoto aone kama ana homa.

Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nani aliyeiwasha?"

Hapa ndipo panaponiuma. Marehemu baba alitulea kwa adabu ya zamani. Mdogo hajitaji mbele ya mkubwa. Mgeni akiuliza kazi hii ni ya nani, unasema ni ya kaka, hata kama jasho ni lako. Wengi waliolelewa kwetu wangejibu vile nilivyojibu. Lakini nisikudanganye. Yule mtu alipouliza, nilijua, sijui kwa nini, kwamba swali lile halikuwa la mteja.

Nikasema, "Ni kaka yangu, Mbwana."

Akatazama miguu iliyotokeza chini ya gari. Akaita, "Mbwana."

Mama yetu alituonya tangu utotoni: usiitikie mwito wa mtu usiyemwona, hasa jua likiwa utosini. Mbwana aliyajua haya kuliko mimi. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye bolti, na sauti ilikuwa ya mtu mzima, naye hakuwahi maishani mwake kumnyamazia mtu mzima.

"Labeka," akaitikia kutoka chini.

"Haya," akasema yule mtu. Akaondoa mkono, akapita baina ya gari na ukuta, akakunja kona. Nilipofika pale konani hakukuwa na mtu, na njia ile haina pa kutokea. Nikarudi, nikaigusa injini. Wallahi, ilikuwa ya moto. Injini isiyokuwa na betri, iliyozimwa tangu jana, ilikuwa ya moto kama imetoka Voi bila kupumzika. Mbwana akatoka chini akifuta mikono, akaniuliza nani aliyemwita. Nikamwambia mteja, ameondoka. Akasema wateja siku hizi hawana subira.

Sikumwambia zaidi. Ningeweza. Nilikuwa na mchana kutwa na usiku kucha wa kumwambia.

Alhamisi asubuhi Mbwana alisimama mbele ya Renji, akiupa mgongo ukuta, anapima mahali pa kuiweka rejeta. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa stoo, hatua kama ishirini, nakata paipu ya mpira. Betri ilikuwa bado kwa jirani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ndani ya gari hamkuwa na mtu.

Nikaisikia ikijaribu kuwaka. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu ikawaka, na Renji likaruka mbele, likambana Mbwana na ukuta.

Ulikuwa mruko mmoja tu, kisha kimya. Nilisukuma gari lile peke yangu, sijui kwa nguvu zipi, mpaka majirani wakafika. Mbwana alikuwa hai. Tukampakia kwenye gari la mtu, tukaenda feri kumvusha hospitali. Alikuwa amekikumbatia kifua kwa mkono mmoja. Nilipouona mkono ule nikajua. Katikati ya maji akanitazama akasema, "Mbona umewasha?"

Nikamwambia si mimi. Sijui kama alinisikia. Tulipofika ng'ambo alikuwa ameshakwenda.

Sasa fikiria msiba huo. Wanawake wa nyumba ya pili walisikia gari likiwaka. Wote walisikia. Watu walikaa kwenye mikeka, wananipa mkono, wananiambia subira, kisha wakigeukiana wanaulizana kwa chini: nani aliyeiwasha? Polisi aliyekuja kuandika maelezo aliniuliza hivyo hivyo, maneno yale yale. Nilimwonyesha mahali pa betri palipo tupu. Akaniambia betri hutolewa. Jirani aliapa kwamba betri ilikuwa kwake, na hilo ndilo lililoninusuru na jela. Halikuninusuru na watu.

Baada ya siku arobaini nilivuka kwenda kwa Charo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari, na mara hii hakuwa na maskhara. Nilimweleza yule mtu, lile shati, ule mkono. Charo akainamisha kichwa. Akaniambia mwenye pikapu alikuwa amesimama mbele ya gari lake, anatazama feni, likiwa kwenye gia. Mtu akaingia ndani akazungusha ufunguo. Gari likambana na mti. Aliyewasha alikimbia, na mpaka leo hajulikani. Mwenyewe aliishi kiasi cha saa moja, na muda wote huo aliuliza neno moja tu.

Nikamuuliza Charo kwa nini hakutwambia. Akasema, "Niliwaambia hayupo. Nyinyi hamkuuliza hayupo vipi."

Siwezi kumlaumu. Hata mimi nilijibu swali nikaficha jibu.

Mwenye Renji alituma watu wakalivuta na injini yake ndani. Nilimweleza yote. Akanipa pole ya mtu anayedhani mwenzake amepotewa na akili. Baadaye nikasikia ameliuza, na aliyelinunua ameliuza vipande vipande. Kwa hivyo injini ile iko mahali, labda ndani ya lori, labda ndani ya gari unalolipanda kila siku. Ndiyo sababu nakuambia: ukinunua chuma cha mtu asiyekuwapo, uliza hayupo vipi. Na akija mtu asiyeitikia salamu, akakuuliza nani aliyewasha, jitaje mwenyewe au ufunge mdomo. Usimtaje mwenzako. Hata kwa heshima, usimtaje.

Nimeacha ufundi. Nauza mafuta ya taa. Miaka saba nilikaa nalo hili, na shemeji yangu Mwanasha, mjane wa Mbwana, miaka yote hiyo alinisalimia kwa kutazama pembeni, kwa kuwa na yeye aliamini kwamba niliwasha gari kwa uzembe nikamuulia mume. Mwaka wa 1998 nikasema yatosha. Nilikwenda kwake alasiri, nikavua viatu mlangoni, nikakaa kwenye mkeka. Nikamweleza tangu Changamwe mpaka kwenye feri. Nikamweleza kwamba Alhamisi sikuwasha mimi, lakini Jumanne niliwasha mimi, na Jumatano nilipoulizwa nikamtaja Mbwana. Kisha nikamwomba radhi.

Alikunja ncha ya leso, akaikunjua. Sikutegemea kwamba angeniamini, lakini aliniamini. Niliona usoni mwake.

"Shemeji," akaniambia, "ulipomtaja, ulikuwa ukimheshimu au ulikuwa ukiogopa?"

Nikafikiri. Nilitaka kumpa jibu la kweli.

"Sijui," nikasema.

"Basi nenda ukajue kwanza," akasema Mwanasha. "Ukishajua, ndipo uje uombe radhi."

Akainuka, akaingia ndani. Nikavaa viatu, nikatoka.